Kutoka Stashahada hadi Chuo Kikuu: Namna ya Kusoma Takwimu za Udahili

Dirisha la maombi ya shahada ya kwanza linapofunguliwa kila mwaka, steshenari za Vingunguti, Buguruni na Kiwalani hupokea vijana wenye bahasha za vyeti mikononi. Miongoni mwao wamo wahitimu wa stashahada: waliosoma uhasibu, ununuzi na ugavi, utabibu, ualimu, ufundi umeme au maendeleo ya jamii, na sasa wanataka kuendelea hadi chuo kikuu. Uamuzi wanaoufanya siku hiyo ni wa kielimu, lakini ni wa kifedha pia. Nyuma ya bahasha hiyo mara nyingi yupo mzazi anayelipwa ujira wa kiwandani kando ya Barabara ya Nyerere, au anayeuza genge, au anayefanya kazi machinjioni. Ada ya maombi kwa kawaida hairudishwi, na chaguo lisilofaa huweza kugharimu mwaka mzima.

Mwombaji husikia namba nyingi kabla ya kuamua. Chuo kinatangaza kwamba asilimia kubwa ya wahitimu wake wamedahiliwa vyuo vikuu, jirani anasema kozi fulani huchukua wachache mno, na rafiki anadai kwamba GPA ya 3.0 inatosha kuingia popote. Huenda kila namba kati ya hizo ni ya kweli, na bado ikampotosha mtu. Somo hili linaeleza namna ya kuzipima namba hizo kabla ya kulipa.

1. Ifahamu njia yenyewe

Nchini Tanzania, udahili wa shahada ya kwanza unasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005. Vyuo vinavyotoa stashahada za ufundi na taaluma mbalimbali vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), ambalo awali lilijulikana kama NACTE. Katika mfumo wa Baraza hilo, stashahada ya kawaida ni ngazi ya 6, na shahada ya kwanza huhitimishwa katika ngazi ya 8.

Kwa mujibu wa miongozo ya TCU ya miaka ya karibuni, mhitimu wa stashahada ya ngazi ya 6 anatakiwa kuwa na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, kuanzia alama D, pamoja na GPA isiyopungua 3.0. Stashahada ya ualimu hupimwa kwa wastani wa alama B. Mwenye GPA iliyo chini ya 3.0 lakini isiyopungua 2.0 anaweza kupitia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao makuu Kinondoni, na kuomba shahada baada ya kuifaulu kwa kiwango kilichowekwa.

Kuna mambo mawili yanayowashangaza wengi. La kwanza ni kwamba mhitimu wa stashahada kwa kawaida huanza shahada mwaka wa kwanza, pamoja na wahitimu wa kidato cha sita. Kwa hiyo bajeti ya familia ipigwe kwa miaka yote ya kozi. La pili ni kwamba kusoma stashahada katika taasisi inayotoa pia shahada, kama Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), hakumpi mtu nafasi ya shahada moja kwa moja. Hata huko, mhitimu huomba upya na kushindana na wengine.

2. Namba tatu zinazochanganywa

Mwongozo wa udahili wa TCU hutolewa kila mwaka, na wahitimu wa stashahada wana mwongozo wao, tofauti na ule wa wahitimu wa kidato cha sita. Ndani yake, kila kozi huonyeshwa sifa zake za kujiunga, idadi ya nafasi na muda wa masomo. Msomaji atofautishe namba tatu.

Namba ya kwanza ni sifa ya chini. Mfano wake ni GPA ya 3.0. Sifa hii inampa mtu ruhusa ya kuomba, ila haimhakikishii kuchaguliwa. Ni kama tiketi ya kuingia uwanjani, nayo mechi bado haijachezwa.

Namba ya pili ni nafasi, yaani idadi ya wanafunzi ambao kozi imeruhusiwa kuwapokea. Kozi yenye nafasi 300 si lazima iwe rahisi kuliko yenye nafasi 60, kwa kuwa inategemea ni wangapi walioomba.

Namba ya tatu ni waliodahiliwa, yaani waliochaguliwa hasa. Hawa nao si sawa na waliosajiliwa. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, waombaji hutuma maombi moja kwa moja vyuoni, na mtu mmoja anaweza kuchaguliwa na zaidi ya chuo kimoja. Aliyechaguliwa hivyo hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa. Nafasi anazoziacha huweza kujazwa katika awamu inayofuata. Kwa sababu hiyo, takwimu za awamu ya kwanza pekee hazionyeshi picha yote.

3. Kila asilimia ina asili yake

Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu huwa na kiasi juu na asili chini. Asilimia ni sehemu pia, na udanganyifu mwingi hujificha katika asili. Tuangalie mfano wa kubuni, uliotungwa kwa ajili ya somo hili tu.

Kozi moja ilipata waombaji 900 na kudahili 300. Mtu akigawa, atapata kwamba theluthi moja ya waombaji walichaguliwa, yaani takribani asilimia 33. Mhitimu wa stashahada anayeishi Vingunguti akisikia hivyo atajipa moyo kwamba katika kila watatu, mmoja huingia.

Sasa tuwatenganishe waombaji hao kwa makundi. Wahitimu wa kidato cha sita walikuwa 600, wakadahiliwa 270, sawa na asilimia 45. Wahitimu wa stashahada walikuwa 300, wakadahiliwa 30, sawa na asilimia 10. Ile asilimia 33 ilikuwa ya kweli kwa kozi nzima, lakini haikuwa ya kweli kwa kundi lolote kati ya mawili. Kwa mhitimu wetu, nafasi iliyoonekana kuwa ya mmoja kati ya watatu imekuwa ya mmoja kati ya kumi.

Tusiishie hapo, maana asilimia 10 nayo inaweza kumkatisha mtu tamaa bila sababu. Tuchukulie kwamba kati ya waombaji 300 wa stashahada, 120 hawakuwa na sifa. Wapo waliosoma fani isiyotajwa katika mwongozo kwa kozi hiyo, wapo waliokosa ufaulu wa somo fulani la kidato cha nne, na wapo ambao vyeti vyao havikuwa vimehakikiwa. Hawa waliondolewa kabla ya ushindani kuanza. Walioshindana kweli walikuwa 180, na 30 kati yao wakachaguliwa, sawa na mmoja kati ya sita.

Mwombaji ana vichujio viwili mbele yake. Kichujio cha kwanza ni cha sifa, nacho anaweza kujipima mwenyewe nyumbani kwa kusoma mwongozo mstari kwa mstari. Kichujio cha pili ni cha ushindani, na hapo ndipo takwimu zinapofaa. Asiyejipima kwa kichujio cha kwanza hutoa ada ya maombi kwa jambo ambalo jibu lake lilikwisha kuchapishwa.

Mfano mzuri wa kichujio cha kwanza ni udaktari wa binadamu. Stashahada ya utabibu yenye GPA ya kutosha haitoshi peke yake, kwani mwombaji huangaliwa pia ufaulu wake wa kidato cha nne katika masomo kama Kemia, Biolojia, Fizikia na Hisabati. Mwenye GPA nzuri sana lakini asiye na ufaulu wa Fizikia atahesabiwa miongoni mwa waliokosa, na takwimu haitasema kwa nini alikosa.

4. Wastani, wa katikati na wa mwisho

Baadhi ya watu huuliza: "Waliochaguliwa mwaka jana walikuwa na GPA gani?" Swali ni zuri, lakini jibu lake lina sura tatu. Tuchukue tena mfano wa kubuni wa watu watano waliochaguliwa, wenye GPA za 3.9, 3.9, 3.4, 3.2 na 3.1.

Ukizijumlisha na kugawa kwa tano, utapata wastani wa 3.5. Ukizipanga kwa mfuatano, mtu wa katikati ana 3.4. Na wa mwisho kuchaguliwa ana 3.1.

Mwombaji mwenye GPA ya 3.3 akiambiwa kwamba wastani ni 3.5, anaweza kuondoka akidhani amekosa. Hata hivyo, wawili kati ya watano walikuwa chini yake na wakachaguliwa. Kwa upande mwingine, akiambiwa tu kwamba wa mwisho alikuwa na 3.1, anaweza kujiona yuko salama kabisa, ilhali wa mwisho huweza kuwa mtu mmoja tu aliyeingia kwa nafasi iliyobaki katika awamu ya mwisho. Kwa hiyo omba kuelezwa vyote viwili, wa katikati na wa mwisho. Uliza pia namba hizo ni za awamu ipi.

Zingatia vilevile kipimo kilichotumika. GPA haina maana mpaka ujue kiwango chake cha juu ni kipi. Maelezo hayo huandikwa katika nakala ya matokeo. Usilinganishe GPA yako na ya ndugu yako aliyehitimu chuo kingine miaka mingi iliyopita kabla ya kuthibitisha kwamba zote mbili zimepimwa kwa mizani moja.

Katika nchi nyingine, namba za namna hii huwekwa wazi kwa kila kozi. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha California huchapisha takwimu za wanafunzi wanaohamia kutoka vyuo vya jamii vya miaka miwili, zikionyesha kwa kila kozi idadi ya walioomba, waliokubaliwa, na ukanda wa GPA za waliokubaliwa. Huko mwanafunzi anayehama huingia mwaka wa tatu, kwa hiyo mfumo wao si kama wetu. Hata hivyo, maswali ni yale yale, na mwombaji wa hapa anaweza kuyapeleka kwa adabu katika ofisi ya udahili ya chuo anachokitaka. Akikosa takwimu za kozi, TCU hutoa takwimu za mwaka za elimu ya vyuo vikuu zinazosaidia kuona mwelekeo wa jumla.

5. Takwimu ya mwaka jana ina mipaka

Namba za zamani husaidia pale tu ambapo masharti hayajabadilika. Hapa kwetu masharti yamewahi kubadilika kwa ghafla. Mwaka 2016 kiwango cha chini cha GPA kwa wahitimu wa stashahada kilipandishwa hadi 3.5, na mwaka uliofuata kikashushwa hadi 3.0. Mtu aliyetumia takwimu za mwaka mmoja kukadiria mwaka mwingine alikuwa akilinganisha makundi mawili tofauti. GPA inaposhushwa, wenye sifa huongezeka, na ushindani wa nafasi zile zile huongezeka pia.

Nafasi nazo hubadilika. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/2018, na ikazuia kozi 75 katika vyuo vingine 22. Waliokuwa wamejipanga kwa kozi hizo walilazimika kutafuta mahali pengine, na takwimu za kozi zilizobaki zikabeba mzigo wa waombaji waliohama. Ndiyo sababu mwombaji atumie mwongozo wa mwaka anaoombea. Nakala iliyochapwa mwaka jana na kuhifadhiwa steshenari haitoshi, hata ikiwa inauzwa kwa bei nafuu.

6. Tangazo la chuo cha stashahada

Somo hili linamhusu pia mzazi ambaye mtoto wake ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne na anachagua chuo cha stashahada. Tuseme bango linasema: "Asilimia 90 ya wahitimu wetu wamejiunga na vyuo vikuu." Kabla ya kulipa, uliza ni asilimia 90 ya nani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo kilipokea wanafunzi 200. Waliohitimu ni 120. Kati yao, 50 waliomba shahada, na 45 wakadahiliwa. Arobaini na tano kati ya hamsini ni asilimia 90, na bango halijasema uongo wa hesabu. Lakini 45 kati ya wahitimu 120 ni asilimia 37.5, na 45 kati ya 200 walioanza ni asilimia 22.5. Mzazi anayemwandikisha mtoto leo anamweka miongoni mwa wale 200, na asilimia inayomhusu ni ya mwisho.

Uliza pia kama asilimia hiyo inahesabu wahitimu wote au wale tu waliojibu simu ya chuo, ni ya mwaka gani, na ni ya kozi ipi. Chuo chenye rekodi nzuri hakitasumbuka kujibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nayo ada ni mali. Pamoja na hayo, hakikisha kwanza kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa. Bila hayo, hakuna takwimu itakayomsaidia mhitimu kwenda mbele.

7. Kupanga machaguo

Baada ya kujipima kwa sifa na kwa ushindani, panga kozi zako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kozi ambazo GPA yako iko juu ya mtu wa katikati wa mwaka uliopita. Fungu la pili ni la zile ambazo uko kati ya wa katikati na wa mwisho. Fungu la tatu ni la zile ambazo una sifa ya kuomba, lakini uko chini ya wa mwisho wa mwaka jana. Si vibaya kujaribu fungu la tatu, ila usilipie fungu hilo peke yake.

Wakazi wengi wa Vingunguti hupendelea chuo ambacho mwanafunzi atakwenda kwa daladala na kurudi nyumbani, iwe ni Chang'ombe, Kurasini, Upanga au Mlimani. Sababu hiyo ni ya msingi, kwani chakula na malazi ni gharama kubwa. Ila ikumbukwe kwamba kila sharti unaloliongeza hupunguza idadi ya nafasi unazoshindania. Mwenye kuomba Dar es Salaam peke yake ajiwekee angalau kozi moja ya fungu la kwanza.

Tenganisha pia udahili na mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina dirisha lake la maombi na vigezo vyake. Kudahiliwa hakumaanishi kupata mkopo, na takwimu za waliopata mkopo ni hesabu nyingine yenye asili nyingine. Familia ijiulize mapema: mkopo usipopatikana, tutalipa vipi?

8. Tahadhari kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma

Omba mapema Namba ya Uhakiki wa Tuzo, ijulikanayo kama AVN, inayotolewa na NACTVET. Hakikisha majina yako yanafanana katika cheti cha kidato cha nne, cheti cha stashahada na fomu ya maombi. Jaza kwa namba yako ya simu na barua pepe yako mwenyewe, kwani namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa huko. Ukisaidiwa steshenari, ondoka na nywila yako pamoja na nakala ya fomu.

Usimlipe mtu yeyote anayedai kwamba anaweza kukupatia nafasi chuoni au kurekebisha sifa zako. Mwaka 2017 TCU ilichapisha majina ya maelfu ya wanafunzi waliokuwa tayari wako vyuoni, ambao taarifa za sifa zao zilikuwa na dosari, na wakatakiwa kuwasilisha uthibitisho. Aliyeingia bila sifa hana usalama hata akiwa darasani, na ada aliyokwisha kulipa ni vigumu kuirudisha.

Ukiwa na malalamiko kuhusu udahili wa shahada, anza na ofisi ya udahili ya chuo kwa maandishi, kisha TCU. Kuhusu chuo cha stashahada au tangazo lake, nenda NACTVET. Hifadhi risiti, tangazo na ujumbe wote wa simu.

Zoezi la kujipima

Kozi ya kubuni ina nafasi 150 kwa jumla. Wahitimu wa stashahada 240 waliomba; 90 kati yao hawakuwa na sifa; 50 wakadahiliwa. (a) Ni asilimia ngapi ya waombaji wa stashahada walidahiliwa? (b) Kati ya wenye sifa, ni mmoja kati ya wangapi? (c) Chuo cha stashahada kinasema asilimia 80 ya wahitimu wake walioomba wamedahiliwa. Wahitimu ni 100 na walioomba ni 25. Ni asilimia ngapi ya wahitimu wote?

Majibu: (a) 50 kati ya 240, takribani asilimia 21. (b) 50 kati ya 150, yaani mmoja kati ya watatu. (c) Waliodahiliwa ni 20, sawa na asilimia 20 ya wahitimu wote.

Aliyepata majibu yote matatu ana uwezo wa kusoma bango lolote la chuo. Aliyekosa arudie sehemu ya 3 na ya 6, akiwa na kalamu mkononi, kabla ya kulipa ada ya maombi.